Jina Ndani ya Bahasha

San Gaspar de las Huertas, Jalisco
22 Juni 1951

Evaristo mwanangu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku wazima, isipokuwa goti la baba yako, ambalo siku hizi limekuwa kama redio: mvua ikikaribia linatangaza, na nyumba nzima lazima isikilize. Mpera wa uani umezaa mpaka tunagawa kwa ndoo. Bi Soledad wa posta anakusalimu, maana yake anataka kujua unalala wapi na unakula na nani. Nimemwambia unasahihisha vitabu katika kiwanda cha uchapaji, unakula vizuri, na siku ukipata mchumba yeye ataisoma telegramu kabla yangu. Kwani utaoa lini wewe? Miaka ishirini na tisa, na tangu uende huko hujanitajia hata jina moja la msichana. Au wa huko hawana majina?

Haya. Barua hii nimempa muuza vitambaa aitie posta akifika Guadalajara. Bi Soledad ana birika la mvuke na mkono mwepesi, na humu ndani hamna la kumhusu.

Unamkumbuka Bwana Fidencio Olague, fundi wa piano, yule aliyekuwa akija shuleni kila Mei? Mwaka huu amekuja kijana mwingine. Nikamwuliza, Bwana Fidencio yuko wapi? Akasema, ala, hamkuambiwa? Alikufa Februari, mapafu. Akaendelea kukaza nyuzi. Na mimi nikaendelea kusahihisha hesabu za darasa la nne, nikampa kila mtoto alama kumi, hata binti wa mwokaji ambaye saba mara nane hajawahi kuijua. Juu ya hilo sina zaidi la kusema.

Nimeandika shairi. Nataka liingie kwenye Tamasha la Maua la hapa kwetu, Oktoba. Sheria unazijua, lakini nakijua pia kichwa chako, kwa hiyo narudia: nakala tatu kwa taipureta, na chini lakabu tu. Jina halisi linakaa ndani ya bahasha ndogo iliyofungwa, ambayo juu yake imeandikwa lakabu hiyo hiyo. Bahasha ya mshindi peke yake ndiyo inayofunguliwa. Nyingine zote zinachomwa mbele ya mwanasheria bila kufunguliwa. Waamuzi wako huko Mji Mkuu, kwa hiyo likitoka kwako hakuna atakayejua limetoka San Gaspar. Bahasha nimekwisha kuifunga kwa nta ya mshumaa wa Pasaka, na jina langu lote limo. Lakabu ni Komamanga. Kazi yako ni kupiga taipu na kutia posta. Usirekebishe kitu na usiniulize kitu.

Mistari ya mwisho ina mwandiko mbaya, usije ukakosea kusoma. Nairudia hapa kwa mwandiko wa darasani:

Njoo unigonge bega kwa kifundo cha kidole,
unisikilize kama ulivyozoea, sikio juu ya mfupa.
Nina miaka hamsini na miwili na mwili ungali unaitika.
Chini ya titi lako pana kovu la moto, umbo la jani;
hapo nilitia mdomo nikajifunza upya kusali.
Siku tisa kwa mwaka nilikuwa na mwili.
Siku zilizobaki nilikuwa na adabu.

Nimekutumia na jeli ya mapera. Usile yote siku moja.

Shangazi yako,
Herlinda


Mexico, Mji Mkuu
9 Julai 1951

Shangazi, shikamoo.

Nimepata barua, shairi na jeli, vyote vizima. Jeli haikufika jioni, kosa ni la Nicandro, mwenzangu wa chumba, yule fundi wa tramu. Anakusalimu na anaomba radhi. Mimi sijambo. Kiwandani tunasahihisha kitabu cha sheria za maji, kurasa mia sita, na kila ukurasa una neno mfereji mara ishirini. Mpe baba pole ya goti. Kuhusu wasichana, kazi ni nyingi.

Shairi nimelisoma. Nilianza nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Sijui niseme nini na wewe umenikataza kuuliza, kwa hiyo siulizi. Nitasema tu kwamba humu kiwandani nimesahihisha washairi wengi, wenye picha zao kwenye jalada, wanaozungumzia mapenzi kama watu wanaosoma orodha ya maua, na hakuna aliyenifanya nifunike taipureta nikatembea hadi mwisho wa barabara.

Ila Shangazi, umefikiria shule? Likishinda jina litasomwa. Masista wenye shule watakuacha kweli? Na baba? Na Bi Soledad?

Nakala tatu nimepiga, nimetuma. Yote nimefanya kama ulivyoagiza. Nimetuma na langu moja, lakabu Sungura wa Mwezini. Linahusu volkano.

Mwanao,
Evaristo


San Gaspar
30 Julai 1951

Evaristo,

Tuko salama. Baba yako amekosana na daktari, sasa anajitibu kwa mafuta ya nyoka na nyumba inanuka soko zima. Kaka wa muuza nyama ameoa. Wewe je? Haya, nanyamaza.

Umeniuliza kama nimefikiria shule. Nimefundisha pale miaka thelathini na mmoja. Kila kiti nakijua kinavyolia. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, nimefikiria.

Sikiliza, nitasema mara moja tu. Mwanamke akifiwa na mume anavaa nyeusi, majirani wanamletea supu, padri anataja jina la marehemu kwenye misa. Mimi Mei yote nilivaa blauzi yangu ya maua na hakuna aliyeniletea hata maji. Miaka kumi na mmoja, Evaristo. Siku tisa kila mwaka. Sina picha, sina pete, sina haki ya kulia sokoni. Nina shairi hilo. Nataka lisomwe kwa sauti katika mji huu na chini yake liwepo jina langu, watu wafanye hesabu wenyewe. Watakaloniita waniite.

Hata wakilitupa, nitakuwa nimelitia jina. Hilo tu ndilo ninalotaka.

Volkano? Wewe volkano umeiona wapi?

Shangazi yako


San Gaspar
17 Septemba 1951

Evaristo,

Leo siulizi hali.

Asubuhi wamebandika matokeo kwenye mlango wa manispaa. Nilikuwa natoka kununua chaki. Shairi la kwanza, lakabu Komamanga. Nikashika ukuta. Halafu nikasoma chini: mtunzi, Evaristo Arreguín, kijana wa hapa kwetu.

Baba yako amelia barabarani. Amemkumbatia kinyozi. Ati anasema, "Kumbe ndiyo anayofanya huko! Mnaona anavyowajua wanawake? Ndani na nje!" Yaani mtu aliyekuwa haachi kunong'ona juu yako, sasa anatembea kifua mbele na goti limepona.

Na waamuzi wameandika sifa, zimebandikwa pembeni. Wanasema ni ushujaa wa pekee kijana kuvaa sauti ya mwanamke mtu mzima, na kwamba ukweli kama huu wa moyo wa mwanamke usingeweza kuandikwa na mwanamke mwenyewe, kwa kuwa haya ingemzuia. Nimesoma mara mbili. Watu walinipongeza, "Mwalimu, hongera, si wewe uliyemfundisha kusoma?" Nikasema ndiyo, mimi ndiye.

Hakuna hata mmoja aliyenigeukia akanitazama vingine.

Niambie kilichotokea.

Herlinda


Mexico, Mji Mkuu
24 Septemba 1951

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umepoa kidogo. Hali yangu njema. Mvua huku hazikatiki.

Ni makosa, Shangazi, nakuomba unisamehe. Siku ile ya kufunga mzigo nilikuwa na mashairi mawili mezani, lako na langu, na bahasha mbili ndogo. Nilikuwa na haraka, posta inafunga saa kumi na mbili. Zikachanganyika. Jina langu likaenda na shairi lako, na lako likaenda na volkano, ambayo haikushinda, kwa hiyo limechomwa pamoja na mengine. Nimeshtuka kama wewe.

Tena kwa upande mwingine, labda ni heri. Shule unabaki nayo. Shairi litasomwa. Si ndilo ulilotaka, lisomwe?

Kamati imenialika nije tarehe nne nilisome jukwaani na kumkabidhi malkia wa tamasha ua la ushindi. Nikikataa watauliza kwa nini. Naomba ushauri wako.

Evaristo


San Gaspar
28 Septemba 1951

Ushauri wangu huu hapa.

Bahasha yangu niliifunga mwenyewe, kwa nta. Juu yake niliandika Komamanga kwa mkono wangu, herufi kubwa kama za ubaoni. Yako nadhani uliandika Sungura. Sasa mtu anayesahihisha kurasa mia sita za mifereji ashindwe kutofautisha komamanga na sungura? Ili jina lako liingie mle, Evaristo, ilikubidi uvunje nta, utoe karatasi yangu, utie yako, ufunge tena. Hiyo si haraka. Hiyo ni kazi ya nusu saa na mshumaa.

Nimekulea tangu mama yako afe. Ukiiba sukari nilikuwa najua kwa jinsi ulivyokuwa ukinisalimia.

Njoo ulisome. Nitakaa safu ya tatu. Nataka kukuona usoni ukilisoma.

Herlinda


San Gaspar
8 Oktoba 1951

Evaristo,

Umeondoka na treni ya asubuhi bila kuja kula. Tamali za mahindi nilizokupikia wamekula majirani.

Nilitaka kukuandikia matusi. Nimekaa siku nne nayatafuta na yaliyo mazuri yote nimekwisha kuyatumia kwa baba yako. Basi nakwambia nilichokiona.

Ulipanda jukwaani na ile suti ya kuazima, mikono imezidi mikono ya koti. Watu mia nane. Ukakunjua karatasi. Nikajisemea, sasa atalisoma kama mtoto anayesoma barua ya mwenzake. Lakini karatasi hukuitazama hata mara moja. Kwenye "njoo unigonge bega" ulijigusa bega, na ukumbini tukasikia feni. Ulikuwa husomi, mwanangu, ulikuwa unasema. Mimi niliyeliandika nililia kama mgeni. Kisha watu wakasimama, na mimi nikasimama nao nikapiga makofi, Mungu wangu, nilipiga makofi, na papo hapo nikakuchukia.

Kisha ukafanya nini? Ukamruka malkia, binti wa watu na taji lake la karatasi ya dhahabu, ukashuka ngazi ukaniwekea ua mapajani. Ukumbi ukaangua "Aaaa!" Mpwa mwema, anamkumbuka shangazi aliyemlea! Bi Soledad alitoa leso. Hukunirudishia kitu pale, Evaristo. Ulinifanya bibi kizee anayetunukiwa ua kwa kufua soksi.

Kijitabu cha washindi kinachapwa Desemba. Kamati inaweza kubadilisha jina mpaka mwisho wa Novemba ukiwaandikia mwenyewe, nimeuliza kijuujuu. Waandikie. Na uniambie kwa nini ulivunja nta. Si uongo wa posta kufunga. Kwa nini.

Herlinda


Mexico, Mji Mkuu
19 Novemba 1951

Shangazi, shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki sita. Sikuwa mgonjwa. Nicandro anakusalimu. Baba niambie yuko vipi.

Kuna jambo limetokea na lazima ulijue kabla ya mengine.

Shairi lilitoka kwenye gazeti la Jumapili la Guadalajara. Alhamisi iliyopita, mchana, nikaitwa getini kiwandani. Amesimama mama mmoja mnene, amevaa nyeusi tupu, amesafiri kwa basi kutoka Guadalajara kunifuata. Mkononi ana kile kipande cha gazeti, kimekunjwa mpaka kimechanika. Anaitwa Bi Amparo. Mjane wa Fidencio Olague, fundi wa piano.

Hukuniambia kama alikuwa na mke. Sikulaumu, nakwambia tu hukuniambia.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeandika haya?" Nikasema ndiyo, maana ndivyo ilivyoandikwa. Akasema, "Lile kovu ni la gundi ya moto. Alipata akiwa mwanafunzi wa ufundi, kabla hatujaoana. Alikuwa halionyeshi, hata joto liwe vipi havui fulana mbele ya watu. Na huko kugonga bega kwa kifundo na kusikiliza, alinifanyia mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa, halafu akaacha. Kijana, umejuaje mwili wa mume wangu?"

Wapanga chapa walikuwa wanapita wakienda kula. Akasogea karibu, akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa kujibiwa, "Ni wewe? Mei zote zile, ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akatema mate chini, akasema atamwandikia mwenye kiwanda ajue amemweka mtu gani humu ndani. Akaondoka kuelekea stendi bila hata kunywa maji.

Ningeweza kusema, si mimi, ni shangazi yangu. Maneno matano. Ningebaki na kazi na heshima. Nilitaka kukulinda, safari hii kweli, lakini nimekwisha kukudanganya vya kutosha na hiyo nayo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile, Shangazi, na jibu lake nimelibeba mdomoni tangu nina miaka kumi na mitano. Mwanamume wangu ni mwingine, si yule. Jibu ni lile lile.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini nilivunja nta. Nilijiambia ni kwa ajili ya shule yako. Uongo. Nimeandika juu ya volkano, juu ya mvua, juu ya sanamu, kwa sababu siwezi kuandika juu ya ninayempenda. Halafu likaja shairi lako, na ndani yake mtu anasema waziwazi anautaka mwili wa mwanamume, anataja hata kovu. Nilitaka kusema maneno hayo kwa sauti, mbele ya watu, mara moja tu maishani, wasinipige mawe. Na kwa sababu lilikuwa na sauti ya mwanamke waliona ni ufundi. Walisimama wakapiga makofi. Nilikuibia ujane wako ili nipate dakika tatu. Naona aibu na sijui kama ningepewa tena nisingefanya tena.

Ninayempenda ndiye aliyemaliza jeli yako.

Barua ya kamati nimeiandika, iko ndani ya bahasha hii, nimeitia sahihi: kwamba shairi ni lako na mimi nilibadilisha jina. Sijaituma. Ikifika kwao mji mzima utajua, na Bi Amparo atajua. Ikibaki, utabaki na shule, na mimi nitakuwa nilivyomwambia yule mama. Amua wewe. Mara hii sitagusa kitu.

Evaristo


San Gaspar
3 Desemba 1951

Evaristo mwanangu,

Hujambo? Na Nicandro hajambo? Baba yako mzima wa mwili. Huku baridi imeanza na mapera yamekwisha.

Ukurasa wako wa tatu nimeusoma mara moja na nimeuelewa mara moja. Kisha nimeuchoma jikoni. Si kwa aibu, ni kwa sababu baba yako anafungua madroo yangu akitafuta mafuta ya nyoka. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili ya kufahamu watu na bado nilikuwa nakuuliza utaoa lini. Nisamehe kwa hilo. Kuhusu nta bado nimekasirika na nitaendelea kukasirika, labda mpaka Pasaka.

Nilikwenda Guadalajara Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Niliipata nyumba kwa kuulizia fundi wa piano. Bi Amparo alifungua mlango, nikamwambia jina langu na kwamba nimefundisha San Gaspar miaka thelathini na mmoja. Nikamwambia, "Yule kijana amekudanganya. Ni mpwa wangu. Aliyeandika ni mimi."

Alinikalisha jikoni, si sebuleni. Hakunipa hata kahawa, na alikuwa na haki. Akaniuliza, "Ulijua ana mke?" Nikasema, nilijua tangu mwaka wa pili. Wewe hukuniuliza, Evaristo, na mimi sikukuambia kwa sababu nilitaka uwe upande wangu. Basi nakwambia sasa. Nilijua, na kila Mei nilitandika shuka.

Akatoa gazeti akaniambia, soma. Mwenyewe herufi zinamsumbua, alikuwa amesomewa na jirani. Nikasoma. Ndiyo mara ya kwanza nililisema kwa mdomo wangu, jikoni kwa mke wake, maharage yakichemka. Kwenye kovu alifumba macho. Nilipomaliza akasema kwa hasira, "Mbona hujaandika alivyokuwa anakoroma? Miaka ishirini na tisa sikupata usingizi kwa kukoroma kwake." Nikamjibu bila kufikiri, "Sijawahi kumsikia akikoroma." Akanitazama. Nikamwona anaelewa kwamba kwangu hakuwa analala. Ningetoa mkono wangu wa kulia neno lile lirudi mdomoni.

Akainuka akaipunguzia moto sufuria. Akasema hatamwandikia mtu yeyote, kiwandani ukae kwa amani. Akasema pia anashukuru kujua, maana kutojua kulikuwa kunamla. Kisha akasema, "Sasa nenda, mwalimu, na usirudi." Nimekwenda na sitarudi.

Barua yako kwa kamati nilikuwa nimeitia posta asubuhi yake kabla ya kupanda basi. Niliipeleka kwa Bi Soledad mwenyewe, haijagundishwa, nikamwambia, isome ukipenda. Hakuisoma, alishtuka mno. Nadhani aliisoma nilipotoka, maana Jumapili kanisani safu niliyokaa ilibaki tupu. Jumatatu Mama Mkuu aliniita. Alisema angependa iwe ni fitina tu. Nikasema hapana, na nikamtajia tarehe za zile siku tisa. Nimekabidhi funguo za shule. Kamati imejibu juzi kwa mistari miwili mikavu: jina litabadilishwa kwenye kijitabu, na ile karatasi ya sifa za waamuzi haitachapwa. Baba yako hasemi na mimi, ila anakula ninachopika. Wanafunzi watatu wanakuja kwangu kusoma hesabu kwa mlango wa uani, mama zao hawataki waonekane mbele. Binti wa mwokaji ni mmojawapo.

Utataka kujua najisikiaje. Jana nilivaa nyeusi nikaenda sokoni, na muuza maua, ambaye hajawahi kunisemesha zaidi ya bei, akaniambia, "Pole, Mwalimu." Nilisimama katikati ya vikapu nikalia mpaka nikashiba. Ndicho nilichokuwa nakitaka, mwanangu. Nimekipata.

Sasa sikiliza. Tamasha la mwakani mwisho wa kupokea mashairi ni tarehe thelathini na moja Agosti. Achana na volkano. Andika la kwako, lile lenyewe, na mwili wake wote, makovu ya huyo fundi wako yote, na niletee. Nitalipiga taipu mimi. Bahasha nitaifunga mimi, na ndani nitatia jina langu. Mimi mji huu umekwisha kuniita kila jina, moja la kuongeza halinizidishii kitu, na mwanamke wa hamsini na mitatu kumtaka mwanamume hakutamshangaza tena mtu. Likishinda nitapanda jukwaani nilisome kama ulivyolisoma langu. Safu ya tatu nitawawekea viti viwili.

Shangazi yako,
Herlinda Arreguín